Misumari Mdomoni

Nitakalowasimulia hamtaliamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe, niliyeliona kwa macho haya ambayo hayajawahi kuomba miwani, siku nyingine huamka nikajiuliza kama sikuota. Ila kabla sijaanza tukubaliane jambo moja: mpwa wangu ni fundi viatu kuliko mafundi wote waliowahi kukalia kigoda. Mtasema namsifu kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu. Sawa, namsifu kwa sababu hiyo pia. Ufundi ule umetoka ujombani. Marehemu baba yake, Mungu amlaze pema, hata kamba za viatu vyake alifungiwa na mkewe.

Jina lake tuliache. Mtaani anaitwa Fundi, na inatosha. Kazi alijifunzia kiwandani, akakaa huko miaka tisa akigongelea visigino, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka asubuhi moja wafanyakazi walipofika wakakuta geti limetiwa kufuli jipya. Wenzake walikaa pale nje wiki nzima wakingoja mtu wa kuwaeleza. Yeye alirudi nyumbani, ambako kwa bahati njema kulikuwa na nyundo mbili za kiwanda na ule mguu wa chuma ambao fundi huuvika kiatu ili akigonge. Vilifikaje huko msiniulize. Mimi ni mjomba, si karani wa stoo.

Akatafuta pa kukaa, akapata chini ya ngazi za jengo moja la ofisi, ghorofa nne, pale watu wanapomwagika kuingia barabarani. Msimamizi wa jengo alimpa nafasi ya upana wa godoro la mtu mmoja. Akaweka kigoda, sanduku la vifaa, rafu ya mbao, na benchi fupi la wateja ambalo kwa kweli ni langu, maana hakuna aliyelikalia zaidi yangu. Upande wa kulia, katika kibanda cha vioo, yuko jirani yake anayetoa nakala za karatasi. Tunamwita Bwana Kopi. Ni mpole kiasi kwamba ukimkanyaga mguu, yeye ndiye huomba radhi.

Sasa sikilizeni namna Fundi anavyokaa, maana kisa kizima kimo humo.

Mwanga pale unatoka barabarani, kwa hiyo hukaa ameipa barabara mgongo, mwanga ukapita juu ya bega lake ukaangukia kazini. Uso unatazama ukuta. Mteja akija, kinachofika machoni pake ni viatu tu, na kwa viatu anamsoma mtu kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Halafu kuna misumari. Fundi hana mkono wa tatu. Mkono mmoja umeshika kiatu, mwingine nyundo, misumari inakaa mdomoni, na ulimi unaisogeza mmoja mmoja mpaka kwenye midomo. Saba kwa kila kisigino, kumi na minne kwa jozi. Ukimsemesha akiwa katikati ya kisigino atakujibu "mm". Sisi tuliomzoea tunazijua hizo mm zake. Fupi ni ndiyo. Ya kuvuta ni ngoja nimalizie. Ya kupandisha bega ni hapana. Na ile inayoshuka mpaka kifuani maana yake ni mjomba, leo sina nafasi ya hadithi zako. Hiyo ya mwisho hapewi mtu mwingine.

Mgeni angezijulia wapi?

Ghorofa ya pili ya jengo lile palikuwa na ofisi ya leseni za madereva. Siku chache kabla ya Jumanne ninayoisema, ofisi ilihama. Walibandika karatasi getini, upepo ukaichukua, mambo yakaishia hapo. Jumanne, saa nne asubuhi, Fundi aliona viatu vikipita kando yake kwenda ngazini. Viatu vyeusi vya ngozi, vimepakwa rangi vizuri, lakini soli imelika mbele hadi karibu na vidole. Mtu wa kutembea hulika kisigino. Anayelika mbele ni mtu wa foleni, kwa kule kujiinua kila mara achungulie dirishani. Fundi aliwaza, hiki kikija kwangu ninakitia nusu soli. Basi. Hakuwaza zaidi.

Akasikia geti la juu likitikiswa. Kisha likapigwa teke. Mara ya pili, ya tatu, akaacha kuhesabu. Viatu vikashuka, vikasimama nyuma yake.

"Dada, hawa wa leseni wamehama?"

"Mm."

"Wamehamia wapi?"

"Mm," ya kuvuta. Ilikuwa imebaki misumari mitatu.

"Nauliza wamehamia wapi."

"Mm."

Ile nyundo kubwa, ya kuvunjia visigino vibovu, ilikuwa juu ya sanduku. Pigo la kwanza lilitua begani, la pili likatua juu ya mkono wa kushoto, ule unaoshika kiatu. Misumari mitatu ilimtoka mdomoni, na mpaka leo anaukumbuka mlio wake sakafuni kuliko anavyoyakumbuka maumivu. Bwana Kopi alichomoka kibandani amekumbatia rimu ya karatasi kama ngao. Hapakuwa na vita vya kupigana. Yule mtu aliirudisha nyundo juu ya sanduku, palepale ilipokuwa, akaketi kwenye benchi la wateja, mikono magotini, kama anayengoja zamu yake. Askari walimkuta hapohapo. Alipoambiwa simama, alisimama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi sikuwepo. Pale juu niliposema niliona kwa macho yangu, ile ni namna ya kuanza hadithi. Yaliyofuata ndiyo niliyoyaona, na ningependa nisingeyaona.

Fundi alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na vidole viwili. Akatiwa plasta, akaambiwa wiki saba. Dada yangu akahamia kwake kumfulia, binti wa Fundi mwenyewe akawa anamfunga mama yake vifungo vya gauni kabla ya kwenda shule, nami nikajitolea kulinda benchi. Kazi ngumu ile, msinicheke. Kila aliyekuja na kiatu aliuliza Fundi yuko wapi, na mtu akiuliza lazima ajibiwe. Siku ya kwanza nilisema kweli tupu: alikuja mtu asiyemjua, akampiga, akaketi. Waliguna tu, wakaondoka na viatu vyao. Nikaona hadithi haina nguvu. Siku ya pili nikamrefusha yule mtu kidogo. Ijumaa alikuwa jitu. Wiki iliyofuata wakawa watatu, wanatembea na mifuko myeusi, mtaa kwa mtaa, wanampiga yeyote aliyewapa mgongo. Nilitia chumvi, naam, lakini watu walikuja na vikombe vyao kuiomba. Jitu lenye mfuko mweusi linaeleweka, unaweza kulikimbia. Mtu aliyepaka viatu rangi akaja kuuliza njia, huyo utamkimbiaje?

Wiki ya sita msimamizi wa jengo alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, nakuhurumia kwa moyo," alimwambia Fundi. "Ila mahali hapakai patupu. Yuko mwenye makava ya simu, kila siku yuko mlangoni kwangu. Mwisho wa mwezi nikikuta kigoda hakina mtu, nampa."

"Nitakuja," alisema Fundi.

Na alikuja. Plasta ilitolewa Jumatatu, Jumanne akawa chini ya ngazi. Vidole vilikuwa vigumu lakini vilishika. Tatizo halikuwa vidole. Alikalia kigoda, akaipa barabara mgongo, akatia misumari saba mdomoni, na viatu vya mtu vikasimama nyuma yake. Akaitema yote. Alikuwa mwanamke mmoja anafunga kamba. Fundi akaiokota misumari, akaifuta, akaitia tena. Vikasimama vingine. Mara ya nne msumari mmoja ulikwenda nyuma badala ya mbele, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, Bwana Kopi akampiga mgongoni, naye akamgeukia Bwana Kopi na nyundo mkononi. Hakumpiga. Lakini wote wawili waliiona ile nyundo ilikofika. Saa sita alifunga sanduku.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nilimwambia, itapita. Hakunijibu hata mm.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sababu yake. Dada yangu alisema yule ni kichaa, na kichaa haulizwi. Bwana Kopi alisema ni bangi. Mimi nilisema ametumwa, maana nilikwisha kusema hivyo kwa watu wengi na sikutaka kujipinga. Fundi alitusikiliza huku akikunja na kukunjua vidole. Usiku na mchana alikuwa akipita kiatu kwa kiatu kichwani mwake: nani alimchelewesha, kisigino cha nani kilichomoka, nani alimjibu vibaya. Alitaka kosa. Alilitafuta kama mtu aliyedondosha sindano.

"Mjomba," aliniambia, "kama nilimkosea, naweza kuacha kukosea. Kama sikumkosea, nitafanya nini?"

Nimesoma mpaka darasa la saba na robo, na katika ile robo swali hilo hawakulifundisha.

Alhamisi alisema anakwenda mahabusu kumwona yule mtu. Dada yangu akalia, akasema, "Basi nenda na mjomba wako, akusemee." Tukaenda. Kule unasimama upande mmoja wa wavu, mwenzako upande wa pili, na katikati kuna nafasi ya hatua moja ili msigusane, kwa hiyo watu wote mle ndani wanapaza sauti na hakuna siri ya mtu. Walimleta. Niseme kweli? Nilikuwa nimemzoea jitu. Aliyekuja alikuwa mtu mfupi kuliko mimi, miaka arubaini hivi, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Miguuni alikuwa na kandambili. Fundi alizitazama hizo kwanza, kwa mazoea, kisha akainua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona sura.

"Unanijua?" aliuliza Fundi.

"Jina lako nimelisikia likisomwa mahakamani. Kabla yake, hapana."

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Sasa?"

Yule mtu aliangalia wavu. Nikakohoa, nikaanza, "Jibu swali, bwana, mimi ni mjomba wake na nina jamaa zangu—" Fundi akanigusa kiwiko, nikanyamaza.

"Nilikuwa dereva wa lori," alisema. "Leseni ilipelekwa kubadilishwa. Njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mwenye faili hayupo. Miezi mitatu nasimama kwenye lile dirisha. Yule karani hajawahi kuinua kichwa. Nazijua nywele zake, sura siijui. Tajiri akampa mtu mwingine lori. Mke wangu akachukua watoto, akaenda kwao. Hakugomba. Alifunga tu mizigo. Siku ile niliamka nikapaka viatu rangi, nikasema leo ni leo. Nikakuta geti."

"Ukalipiga geti."

"Nililipiga mpaka mguu ukavimba. Geti ni chuma, halisemi kitu." Kisha akasema, "Nikashuka. Wewe ulikuwa karibu."

Fundi aliushika wavu kwa mkono wa kushoto, vile vidole viwili vikabaki vimesimama, havijakunjika.

"Angekuwa mwingine pale?"

"Ningempiga huyo mwingine."

"Angekuwa mtoto?"

Yule mtu aliangalia kandambili zake. Upande wa kulia kwetu mwanamke alikuwa anapaza sauti kuhusu blanketi.

"Sijui, dada," alisema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sijui."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, nasi tukalazimika kusogea, "Nilikuuliza mara tatu. Ukanigunia."

"Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Misumari?"

"Ya kisigino. Tunaiweka mdomoni. Ilibaki mitatu, ningeitoa ningekwambia."

Alimtazama kana kwamba amesimuliwa jambo la nchi nyingine. Midomo yake ilitikisika, nikadhani anacheka, nikajiandaa kukasirika. Hakuwa anacheka.

"Wamehamia mtaa wa pili kutoka pale," alisema Fundi. "Jengo la kijani, ghorofa ya kwanza. Karani wao nilimtengenezea viatu, ndiye aliyeniambia."

"Asante," alisema yule mtu. Muda ukaisha, wakamchukua.

Barabarani Fundi alitembea mbele yangu kwa hasira, nikamfuata nikihema. Nilidhani amemkasirikia yule. Kumbe amejikasirikia mwenyewe.

"Nimempa anwani," alisema. "Kanivunja mkono, nimempa anwani, naye kasema asante. Na bado sijui kitu, mjomba. Nilikuwa karibu. Hiyo ni sababu?"

"Si sababu," nilisema.

"Basi nimekwenda bure."

Zilibaki siku nne mwezi kwisha. Jumamosi alirudi chini ya ngazi kujaribu tena. Nilikuwa kwenye benchi langu, pamoja na watu wengine watano au sita, kwa sababu habari za mifuko myeusi zilikuwa zimenenepa bila mimi kuzilisha tena. Walikuwapo watu nisiowajua kabisa waliokuwa wananisimulia mimi hadithi yangu, na walikuwa wameiongezea kisu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeutumia msemo huo maisha yangu yote kuwatania watu. Siku ile ulinigeukia.

Kama saa tano hivi mwanamume mmoja aliingia kutoka barabarani. Kijana kijana, shati la kazi, ametoka jasho. Mkononi ana mfuko mweusi wa plastiki. Alisimama nyuma ya Fundi. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, hakumsikia akija. Yule mtu akainama, akamgusa bega, lile lililovunjika.

Fundi alipiga ukelele.

Sitaweza kuwaeleza vizuri kilichofuata kwa sababu kilikuwa kifupi sana. Mtu alisema, "Ndio hao." Sikuwa mimi. Ningependa kuapa kwamba sikuwa mimi, lakini hata kama mdomo haukuwa wangu maneno yalikuwa yangu. Wakamrukia. Na wa kwanza, wa kwanza kabisa kabla ya vijana wote wenye nguvu, alikuwa Bwana Kopi. Alitoka kwenye vioo vyake na kiti cha chuma, akakiinua, akampiga nacho yule mtu mgongoni. Akakiinua tena. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa umetulia, kama anapopanga karatasi.

Fundi alitema misumari iliyobaki, akajitupa katikati. Mwanamke mwembamba, mtulinga haujapona, alijitupa juu ya mtu asiyemjua akasema, "Acheni, ni mteja. Acheni, ni mteja." Hawakusikia mara moja. Teke moja lilimpata yeye ubavuni. Kisha kiti kikabaki hewani, na watu wakaanza kutazama mikono yao.

Yule mtu aliinuka. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Hakutukana. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, akitutazama sote kama mtu anayejaribu kukariri sura, kisha akageuka akakimbia. Mfuko wake ulibaki chini. Fundi aliufungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na viatu vya shule vya mtoto wa kike, vidogo, vya mkanda, kimoja kimeachia soli.

Kila mtu akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Bwana Kopi alibaki. Aliketi kwenye kile kiti, magoti yamekutana, akalia bila sauti. Fundi akamsogelea.

"Kwa nini ulimpiga?"

"Sijui."

"Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu, Fundi. Wiki zote hizi nina hofu. Nikifunga kibanda naangalia nyuma, nikilala naangalia mlango. Mwenye hofu yangu simwoni. Leo nikaona mtu." Alijifuta kwa mkono wa shati. "Mikono ilitangulia."

Fundi akaenda kumletea maji.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, tulikaa barazani kwake, yeye na mimi na dada yangu. Vile viatu vidogo alivibeba, vikawa mapajani mwake. Dada yangu alikuwa anawalaani watu wote wa mjini kwa mkupuo, kisha akasema jambo ambalo nami nilikuwa nalo rohoni.

"Huyo dereva wenu asijitetee kwa shida. Wewe mwanangu hukufungiwa geti? Miaka tisa, kufuli jipya, hata kwaheri hukupewa. Ulimpiga nani?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Nilimpiga mwanangu," alisema.

Dada yangu akageukia mlangoni.

"Siku ile ile. Nimerudi kutoka getini, amekaa mezani na kikombe, kikamponyoka, maji yakamwagika. Maji, mama. Sikumpiga kofi la kumfunza. Nilimpiga mpaka akaenda kujificha nyuma ya kabati. Alikuwa na miaka sita. Sikuwahi kuuliza kwa nini yeye. Nilijua kwa nini yeye. Ndiye aliyekuwepo."

Ndani, binti mwenyewe alikuwa anasoma kwa sauti somo la jiografia, mito na vyanzo vyake.

"Basi wote ni sawa?" aliuliza dada yangu. "Na huyo mwenye nyundo asamehewe?"

"Sijasema asamehewe. Afungwe. Kanivunja mkono." Alikigeuza kile kiatu kidogo, akaangalia soli. "Nasema tu sasa najua kile kipigo kilikotoka. Nilidhani kimetoka mbali."

Mimi nikaanza kuwahesabu watu niliowasimulia ile mifuko myeusi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilitaka aniambie kwamba si kosa langu. Alijua nataka hivyo, na hakusema.

Vile viatu alivitengeneza Jumapili, nyumbani, sakafuni. Kimoja ndicho kilichoachia, lakini alivishona vyote viwili kwa sindano ya shazia na uzi wa nta, mshono wa kiwandani, kisha akavipaka rangi. Jumatatu msimamizi wa jengo alipokuja na mwenye makava ya simu nyuma yake, alimkuta Fundi kwenye kigoda. Lakini kigoda kilikuwa kimegeuzwa. Mgongo ukutani, uso barabarani.

"Hapo utaonaje?" aliuliza msimamizi. "Mwanga wote uko machoni."

"Nitaona polepole," alijibu Fundi.

Na kweli anafanya polepole. Kazi ya saa moja inachukua moja na nusu, anakunja uso kwa sababu ya mwanga, na ameanza kulalamika shingo. Misumari haiweki tena mdomoni. Iko katika kifuniko cha kopo juu ya goti, na mara kwa mara kifuniko kinapinduka, tunaitafuta wote, mimi kwa magoti yangu ya kizee. Viatu vikisimama bado anashtuka. Ameniambia hofu haijaondoka, imekaa tu mahali anapoiona. Lakini akishtuka anainua kichwa, anamwangalia mtu usoni, anasema, "Karibu, nakusikia." Hata kama hajamaliza kisigino. Wateja wengine wanaona ajabu, wamezoea kuguniwa.

Mahakamani alieleza yaliyotokea, na misumari akaitaja, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutoa ushahidi wa lile jitu. Alinikanyaga mguu chini ya benchi, na mjue ana kisigino kizito. Dereva amefungwa. Bwana Kopi hajafungwa, hakuna aliyemshtaki. Hutoka kibandani kila anapoona mtu mwenye mfuko mweusi, akamtazama usoni, akarudi ndani.

Mimi Fundi amenipa adhabu yangu. Kila aliyesikia hadithi ya mifuko kutoka kwangu, nimfuate nimwambie haikuwa kweli. Nimewafikia kumi na tisa. Wengine wanakataa. Wananiambia mzee, hujui kitu, sisi tulisimuliwa na mtu aliyekuwepo.

Na vile viatu vidogo? Viko juu ya rafu, vimegeuzwa kuelekea barabarani, ili mwenyewe akipita avione. Ndivyo vilivyomrudisha Fundi kwenye kigoda, kama mlikuwa hamjaelewa. Alisema lazima awepo mtu wa kumrudishia mwenyewe akija. Ameuliza mtaa wa juu na wa chini. Hakuna anayemjua yule mtu, alikuwa mgeni.

Haya yote nimeyaandika kwa mkono wangu, na sasa hivi namsomea Fundi hapa kwenye benchi, ajue nimemwandika vizuri. Amesikiliza huku anagonga, hajanikatiza hata pale pa nyundo za kiwanda. Imebaki sehemu ya mwisho, nayo ndiyo msiyoweza kuiamini. Maana juzi, jamani, saa tano ileile, alitokea. Yule yule. Kovu liko sikioni, kamshika binti yake mkono, na nyuma yao ukoo mzima, watu wasiopungua sitini, wamejaa mpaka barabarani, magari yakasimama. Bwana Kopi akaanguka kifudifudi. Na yule mtu akamwinua, akavichukua vile viatu, akamvisha mtoto mbele yetu sote, vikamkaa kana kwamba alizaliwa navyo, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia akasema kwa sauti iliyofika ghorofa ya nne, "Enyi watu, mimi kwa upande wangu nime—"

"Mjomba," anasema Fundi, ameinua kichwa. "Viatu viko pale kwenye rafu."